Safari na Mjomba: RV Msituni, Maji Kwanza

SWALI: Shikamoo Mjomba. Tunaishi Aurora, Colorado. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa saba. Ana miaka 68. Mume wangu ameshikilia tukodi RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende tukalale msitu wa milimani usiku tatu, mahali pasipo umeme wala bomba. Tutakuwa watu sita, watoto watatu wakiwemo. Naogopa dubu, naogopa baridi, na sitaki mama aone nimemtoa Tanga nije kumtesa. Na je, pilau na maharage vitaiva huko? *Mama Watatu, Aurora*

JIBU: Marahaba, Mama Watatu. Mwambie mume wako ombi lake limepita, ila kwa masharti. Dubu tutamfikia. Kwanza niambie, hilo gari tangi lake linachukua lita ngapi?

Watu wakienda kukodi RV huuliza vitanda na televisheni. Kwenye viwanja vyenye soketi na bomba, sawa. Huko mnakotaka kwenda, maji yote mtakayotumia mmeyabeba, na uchafu wote mtakaoutoa mtaubeba pia. RV ya futi 25, zile zenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, mara nyingi hubeba maji safi lita 150 hivi. Bafu lake likifunguliwa hutoa lita sita hadi nane kwa dakika. Piga hesabu: watoto watatu, kila mmoja dakika kumi, kama walivyozoea nyumbani. Tangi limekauka, wewe na mama bado hamjanawa hata uso. Ubaya zaidi, maji hayo yameingia tangi la maji machafu, nalo likijaa hurudisha uchafu juu kupitia sakafu ya bafu.

Dawa yake ni ndoo na kopo. Chemsha sufuria moja, changanya na ya baridi, lita tano zinatosha mtu mzima. Hapo mama mkwe ndiye mwalimu, wajukuu ndio wanafunzi. Vyombo vifutwe mafuta kwa karatasi kabla ya kuoshwa kwenye karai. Choo cha gari kiwe cha mama na cha usiku tu. Mchana wengine wote waende choo cha shimo cha kambi. Na maji ya vyombo msiyamwage vichakani, hata kama jirani anamwaga. Yanakwenda kwenye kituo cha kumwagia maji machafu ya RV mkiwa njiani kurudi. Ulizeni kilipo kabla ya kuondoka, maana kambi nyingi za msituni hazina.

Kuhusu mahali, kwa mara ya kwanza msiende kujitafutia uwazi wowote msituni. Ni kweli misitu ya taifa ya Marekani inaruhusu kulala bure nje ya kambi, sehemu nyingi hadi siku 14, lakini njia za kwenda huko ni mawe matupu, na mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za vumbi. Someni mkataba. Mimi ningewapeleka kambi ya Kelly Dahl, ndani ya Msitu wa Taifa wa Roosevelt, kilomita tano hivi kusini ya mji mdogo wa Nederland, kandokando ya barabara ya lami namba 119. Hakuna soketi, hakuna bomba la kuunganisha kwenye gari, ila kuna misonobari ya kutosha, na mkikosa chumvi duka haliko mbali. Wekeni nafasi mapema kwenye tovuti ya Recreation.gov, na mwangalie urefu wa kiwanja kabla ya kulipa. Mkifika, kabla ya kuzima injini, tazama juu: mti uliokauka ukiwa wima usiegeshe chini yake. Kuna mdudu ameua misonobari mingi Colorado, na upepo mmoja unatosha kuuangusha.

Kelly Dahl iko kama mita 2,600 juu ya bahari. Hapo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Hata hapo Aurora nadhani maharage yanakusumbua. Kule yatakumalizia mtungi wa gesi. Yapike nyumbani, yagandishe, kule yapashwe tu. Pilau itaiva, ila ongeza maji kidogo, funika vizuri, usiwe na haraka.

Urefu huohuo ndio wa kuangalia kwa mama. Katoka usawa wa bahari. Akae Aurora siku kadhaa kwanza, na kama anatumia dawa za presha aongee na daktari kabla ya kupanda. Kichwa kikimgonga na kutapika kukiongezeka, msisubiri asubuhi, shukeni naye.

Usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi tano. Hita ya gari huchoma gesi, lakini feni yake inakula betri, kwa hiyo taa na simu mchana ziwe kwa kipimo. Jenereta kambini hunyamazishwa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Bebeni mablanketi mazito. Na hili nalisema kwa ukali kwa sababu nawajua watu wetu: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Nyama choma? Inategemea tangazo la wiki hiyo la kuruhusu au kukataza kuwasha moto. Mwaka 2020 moto wa msituni ulioitwa Cameron Peak uliteketeza zaidi ya ekari 208,000 upande huohuo wa misitu, basi wakisema hakuna mkaa, hakuna mkaa. Jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia kwa kawaida huruhusiwa.

Haya, dubu. Colorado wapo weusi tu, na anachotaka ni chakula chako, si mama mkwe wako. Ila anajua kufungua mlango wa gari usiofungwa kwa ufunguo, sifanyi utani. Funga milango na madirisha, takataka zisilale nje, na sufuria ya pilau isiachwe mezani.

Mkirudi kwa kuteremka kuelekea mji wa Boulder, gia ndogo, breki ziguswe kwa vipindi.

SWALI: Mjomba, huku Kenya naweza kulala msitu wa Mlima Kenya na gari lenye hema juu ya paa? *Msomaji, Nyeri*

JIBU: Unaweza, kwenye kambi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Zile wanazoziita maalumu hazina huduma yoyote, na lazima ulipie nafasi mapema. Njia ya Naro Moru gari la nguvu hufika hadi kituo cha hali ya hewa, mita 3,050. Mvua ikinyesha usipande. Hema la juu lina faida moja kubwa, nyati hawapandi ngazi, lakini ukibanwa na haja usiku itabidi ushuke. Lala na chombo chenye kifuniko.