Wizi wa magari kutoka 38 hadi 52: chati ya udhibiti inasemaje?

Ndugu, umeuliza kama mtaa wako wa Chicago umeharibika, kwa kuwa wizi wa magari umepanda kutoka 38 mwezi uliopita hadi 52 mwezi huu, sawa na asilimia 37. Miezi miwili haitoshi kutoa jibu. Lazima ujue kwanza hesabu za mtaa huo huyumba kiasi gani katika hali yake ya kawaida. Swali la aina hiyohiyo, ila kuhusu ubora wa vifaa vya simu, ndilo lililomfanya mwanatakwimu Mmarekani Walter Shewhart achore mwaka 1924 chati ya udhibiti, yaani mchoro wenye mstari wa kati na mipaka miwili ya myumbo wa kawaida.

Pakua faili la makosa kwenye tovuti ya data huria ya jiji, linaanzia 2001. Chuja safu ya Primary Type (aina ya kosa) ibaki MOTOR VEHICLE THEFT (wizi wa magari), kisha uchague namba ya Community Area (eneo la jamii) yako. Usitumie wilaya za polisi kwa mfululizo mrefu: mwaka 2012 wilaya tatu ziliunganishwa na nyingine, kwa hiyo chati inaweza kuruka kwa sababu ya ramani tu. Maeneo yale 77 ya jamii ndiyo yaliyotulia.

Faili hilo huacha siku 7 za mwisho. Ukipakua tarehe 3, mwezi uliopita una pengo, na pointi yako ya mwisho itaonyesha nafuu ambayo haipo. Subiri angalau wiki mbili. Februari nayo ina siku 28, kwa hiyo gawa idadi kwa siku za mwezi kisha zidisha kwa 30.

Sasa fungua lahajedwali, kama Excel, na uweke idadi za miezi 24 iliyotangulia kwenye B2 hadi B25. Katika C3 andika =ABS(B3-B2) na uivute hadi C25; utapata tofauti 23. Wastani wa safu B ndio mstari wa kati. Wastani wa safu C uzidishe kwa 2.66: ukijumlisha kwenye mstari wa kati unapata mpaka wa juu, ukitoa unapata wa chini. (Hiyo 2.66 ni 3 gawanya kwa 1.128.) Tuseme wastani wako ni 40 na wastani wa tofauti ni 6. Mipaka inakuwa 24 na 56. Tofauti zenyewe zina mpaka wao, 3.27 mara 6, karibu 20. Basi 52 iko ndani, na mruko wa 14 pia uko ndani. Kwa hesabu hizo, mwezi wako haujaonyesha jambo jipya, na anayekwenda kwenye kikao cha mtaa kutafuta sababu ya huo mmoja atapata sababu ya kubuni.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni kutumia STDEV (fomula ya mkengeuko sanifu) ya safu nzima mara tatu. Ikiwa ndani ya miezi hiyo 24 kiwango kilishahama, STDEV inavimba, mipaka inapanuka, na badiliko lenyewe linajificha ndani yake. Tofauti za mwezi kwa mwezi haziathiriki hivyo. Kosa la pili ni kushika chati ya c, ile ya wastani kujumlisha na kutoa mara 3 ya kipeuo chake cha pili. Hiyo inadhani matukio hayategemeani wala hayana msimu. Kwa jiji zima, lenye mamia hadi maelfu ya matukio kwa mwezi, mipaka yake inakuwa myembamba mno na kengele zinalia kila kiangazi.

Kuhama kwa kweli kunaonekanaje? Tazama Chicago 2022. Mbinu ya kuiba magari ya Kia na Hyundai yasiyo na kizuizi cha kielektroniki cha kuwasha injini ilienea mitandaoni, na wizi wa magari jijini ukawa karibu maradufu ya 2021. Tukio la namna hiyo linatoa pointi juu ya mpaka, kisha pointi 8 mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati. Hapo kata mfululizo na uanze mipaka mipya kuanzia badiliko. Wastani unaochanganya 2021 na 2023 hauelezi mwaka wowote kati ya hiyo. Kanuni hizo mbili zinatosha. Ukiongeza nyingine, kengele za uongo zinaongezeka pia.

Ukishapata ishara ndipo uchore Pareto: panga matukio ya kipindi hicho kwa aina ya mahali au kwa saa, kubwa mbele, na mstari wa asilimia limbikizi. Barabarani huongoza kwa kawaida, kwa sababu ndiko magari mengi yanakolala. Linganisha Pareto ya kabla na ya baada, uone fungu lililokua. Na ujue kwamba faili halina chapa wala modeli ya gari, kwa hiyo sababu ya 2022 usingeiona humo hata kidogo. Chati inakuambia lini; nani na kwa nini inabidi uulize polisi na wenye magari.

Saa nazo zina mtego. Mwenye gari asiyejua lilichukuliwa lini hukadiria, na makadirio hurundikana saa sita usiku. Ondoa mrundikano huo kabla ya kusema wezi hupenda saa hiyo. Vilevile usichore asilimia ya waliokamatwa kwa miezi ya karibuni: kesi bado ziko wazi, mstari utashuka tu.

Kwa mauaji, yanayokuwa machache katika mtaa mmoja, acha idadi ya mwezi. Mpaka wa chini utakuwa hasi. Hesabu siku kati ya tukio na tukio, pandisha kila namba kwa kipeo cha 0.2777, tengeneza mipaka kwa njia ileile, kisha irudishe kwa kipeo cha 3.6. Hapo pointi kwenda juu ndiyo habari njema, na uiandike wazi pembeni mwa chati, maana wasomaji wengi wataisoma kinyume.