Dar na watoto: anza na chombo cha kupanda, mahali patafuata

Mtoto wa chekechea hajali sana umempeleka wapi. Anajali amepanda nini. Sisi wazazi wa Dar es Salaam tunapanga kinyume chake: kwanza tunatafuta mahali, pawe na bembea, pawe na bwawa la kuogelea, halafu njia ya kufika huko tunaivumilia tu. Foleni ya Mwenge inakula saa nzima, mdogo anatapika kwenye kiti cha nyuma, na mkifika getini unalipa kiingilio cha watu wanaotaka kulala.

Ninao watatu: mmoja chekechea, mmoja darasa la tatu, mmoja darasa la saba. Utaratibu wa nyumbani kwetu siku hizi ni kwamba chombo ndicho kinachochaguliwa kwanza. Mwendokasi (yale mabasi yenye njia yao), pantoni, treni au boti. Mahali panakuja baadaye, na mara nyingi panakuwa pa bure au karibu na bure.

Anayetaka kujaribu, aanze na mzunguko wa Kivukoni. Sisi tunaishi upande wa Kimara, kwa hiyo tunapandia mwendokasi kituo cha mwanzo, ambako kila mtoto ana nafasi ya kupata kiti cha dirishani. Iwe Jumapili asubuhi mapema. Siku ya kazi usithubutu kuingia na watoto saa ambayo watu wanawahi ofisini. Kutoka Kimara mpaka Kivukoni kazi yao ni kusoma majina ya vituo kwa sauti: Bucha, Baruti, Shekilango, Urafiki, Tip Top, Manzese, Argentina. Hapo Argentina lazima swali litoke, na lazima baba yao aanze hadithi za mpira ambazo hazina mwisho. Mkifika Jangwani waonyeshe bonde la Msimbazi, uwaeleze kwa nini masika ikizidi barabara ile hufungwa. Huyu wa darasa la tatu alikuwa amefundishwa mafuriko shuleni bila kujua kwamba mto wenyewe ndio huo anaouvuka kila tukienda mjini.

Mkishuka Kivukoni, soko la samaki la Feri liko hatua chache tu. Wengi hupita wameziba pua. Sisi tunaingia, na kama kuna sehemu moja ya mji huu ningemsihi mzazi mwenzangu asiiruke, ni hii. Wavalishe viatu vinavyofunika vidole, maana sakafu ina maji, magamba na vipande vya barafu. Washikane mikono, kwa sababu mbeba ndoo akishapiga mluzi hasimami. Asubuhi ndipo mnada umechangamka: samaki wamemwagwa mezani, dalali anapandisha bei, akina mama wakaanga samaki wamemzunguka wanabishana naye huku mmoja ameshahesabu hela mkononi. Kabla ya kuingia nampa kila mtoto jina la samaki wa kumtafuta. Mmoja anatafuta changu, mwingine kolekole, mdogo tunampa taa, yule samaki bapa, kwa sababu hawezi kumkosa. Inabidi waulize wauzaji, na wauzaji wa Feri wakiulizwa na mtoto huwa wapole kuliko ukiuliza wewe mwenye pochi.

Mwanangu wa kati alisimama mbele ya mzee aliyekuwa anapiga pweza kwenye saruji. Paa, paa, paa, anamgeuza, paa tena. Akamuuliza, "Shikamoo babu. Kwani huyu kakosa nini?"

Mzee akacheka mpaka akamweka pweza chini. "Marahaba mjukuu wangu. Huyu nisipompiga hatafuniki. Mama yako atachemsha mpaka gesi iishe, na bado mtakula ndala."

Akampa amshike. Sijawahi kuona uso wa mtoto uliochanganya furaha na kinyaa kiasi kile.

Kutoka hapo mnaingia pantoni. Nauli ni shilingi 200 na kuvuka ni dakika chache tu, lakini kwa mtoto hiyo ni meli kamili: inanguruma, inatetemeka, inapandwa na malori, baiskeli na watu wenye matenga ya kuku. Mlango wa bandari ni mwembamba, na meli kubwa za makontena zinapita hapohapo, pamoja na boti za Zanzibar. Mkiwa na bahati pantoni litasubiri meli ipite, nayo itapita mbele yenu ikiwa ndefu kuliko mtaa wenu. Tahadhari yangu ni moja. Geti likifunguliwa, usikimbie na umati. Subirini watu wa haraka wapungue, na ikibidi liacheni hilo mpande linalofuata. Kwenye msukumano wa kuingia mtoto mfupi anaona migongo tu, na mkono wake unaweza kuponyoka.

Ng'ambo, yaani Kigamboni, chukueni bajaji mpaka Mjimwema au mbele yake, kwenye fukwe. Uliza bei ya kiingilio getini, na uliza pia kama kinakatwa kwenye chakula, maana baadhi ya sehemu hufanya hivyo. Kisha agiza chakula hapohapo, kabla hujavua hata viatu. Jikoni za ufukweni hazina haraka. Samaki wa kuchoma anaweza kuchukua saa nzima na zaidi, na mtoto aliyetoka majini ana njaa ya dakika ileile. Mimi hubeba mayai ya kuchemsha na ndizi za kuzibia pengo, na sioni aibu.

Kurudi, badala ya pantoni, piteni Daraja la Nyerere mpaka Kurasini. Lilizinduliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, na zile nyaya zinazolishikilia huwafanya watoto waanze kuhesabu. Mwishoni mwa siku, jambo lolote linalowafanya wahesabu badala ya kugombana nalipokea kwa mikono miwili.

Sasa bahari yenyewe. Sisi tuliokulia bara huwa tunaitazama kama bwawa lililo palepale siku zote, na kupanga siku ya ufukweni bila kujua maji yatajaa au kupwa saa ngapi ni kuwaonea watoto. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu kila baada ya saa sita yanageuka, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi utakupa makadirio. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na hapa Dar maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha hujaa kabisa mnamo saa kumi jioni. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji yanajaa asubuhi, lakini si kwa kishindo kile cha bamvua.

Kwa hiyo Jumapili ya bamvua, nendeni Coco Beach asubuhi. Maji yanakuwa yamekimbia mbali, miamba iko wazi, na kwenye vidimbwi kuna kaa wadogo, konokono na samaki walionaswa wakisubiri maji yarudi. Kwa mtoto wa miaka minne hicho kidimbwi kinachomfika kifundo cha mguu kinazidi bwawa lolote la hotelini. Mvalishe viatu, miamba inakata, na kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba myeusi wasiosamehe. Ikifika saa sita mchana anzeni kurudi nchi kavu, kwa sababu maji yanaporudi huzunguka kwanza sehemu za chini, unaweza kujikuta yamekupita na kuziba njia uliyojia. Anayetaka kuogelea asubuhi achague wiki ya mwezi nusu. Na vyovyote iwavyo, mtu mzima mmoja anakaa majini bila simu. Si ufukweni akitazama. Majini.

Coco Beach ina mtihani mwingine, nao ni wauzaji. Mihogo ya kukaanga, mishikaki, madafu, ubuyu, bisi, koni, miwani, mabofu ya kupuliza. Ukimwachia mtoto aombe kimoja kimoja, utasema "hapana" mpaka koo likauke. Tangu tulipoanza kuwapa kila mmoja shilingi 2,000 yake asubuhi, kelele zimeisha kabisa. Hela ikiisha imeisha, wala hakuna mkopo. Wa kati alimzunguka kaka wa mihogo, akamtazama anavyopasua muhogo katikati na kupakaza pilipili, akauliza bei, akaenda kwa kaka wa pili kuuliza bei, akarudi kwa wa kwanza. "Kaka, nipe wa mia tano, kachumbari niwekee nyingi, pilipili usiweke." Akala, akabaki na 1,500, akazirudisha nyumbani zote. Mdogo wake alinunua bofu na koni kwa pamoja, bofu likapasuka hata koni haijaisha. Nilinyamaza. Hela ilikuwa yake.

Sikukuu za Idd, Krismasi na Mwaka Mpya sikanyagi ufukweni na watoto, na naomba hili lisijadiliwe. Siku hizo tunakwenda Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, au tunakaa nyumbani.

Nacho Kijiji hicho wengi wetu tunakipita kila siku kwenye daladala tukijua "Makumbusho" ni jina la stendi tu. Kilianzishwa mwaka 1966, na ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zenye ukubwa wake halisi, za kuingia na kuinama: msonge wa Wahaya uliofunikwa nyasi mpaka chini, tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo. Mara nyingi mwisho wa wiki kuna ngoma mchana. Ushauri wangu hapa ni kwamba usiende bila bibi au babu. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Dodoma, amechoka na mji, hataki kutoka. Alipoingia kwenye lile tembe aligeuka mtu mwingine. Akawaonyesha wajukuu ndama walikuwa wanalala upande gani na yeye upande gani, moshi ulikuwa unatokea wapi, na kwa nini mlango ni mfupi. Wa darasa la saba, ambaye wakati huo alikuwa anajifanya mkubwa mno kwa mambo haya, ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote. Makumbusho ya Taifa kule mjini, mtaa wa Shaaban Robert, napo ni pazuri kwa watoto wanaosoma historia, maana habari za fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 zinawasubiri kwenye mtihani. Ila wa chekechea atachoka baada ya nusu saa, mpelekeni akaone magari ya zamani ya viongozi.

Maduka makubwa yenye michezo ya kuweka sarafu nayaacha kwa siku za mvua. Kisiwa cha Mbudya ni kizuri sana, boti zinaondokea Kunduchi, lakini mdai mhusika maboya ya watoto, yenye saizi yao, kabla boti haijang'oa nanga. Akikuambia "ni hapo tu, mama", shuka. Wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, asubuhi ndiyo tulivu zaidi. Kurudi alasiri na mtoto mdogo kwenye mawimbi ni kazi.

Mkiwa na akiba kidogo, zawadi kubwa kuliko zote ni treni ya umeme ya SGR mpaka Morogoro na kurudi siku hiyohiyo. Ilianza kubeba abiria Juni 14, 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 13,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, na safari ni chini ya saa mbili. Kata tiketi ya kwenda na kurudi kwa pamoja, kwa sababu tiketi za jioni ya Jumapili huisha mapema. Fikeni stesheni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo, na treni haimsubiri mtoto aliyesema anataka kwenda chooni. Kaeni upande wa kushoto wakati wa kwenda: mkikaribia Morogoro, Milima ya Uluguru inajitokeza upande huo. Stesheni ya huko iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo wekeni nauli ya bajaji. Mjini tunakwenda Soko la Chifu Kingalu kununua matunda na mboga zilizoshuka mlimani, tunakula, tunarudi. Usiongeze mambo. Treni ndiyo safari yenyewe.

Begi langu halina siri: maji, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, khanga mbili zinazogeuka taulo, pazia la kubadilishia nguo na mto wa kulalia, kitambaa kilicholowa ndani ya kopo, na kalamu ya wino mzito ya kuandika namba yangu ya simu mkononi mwa mdogo. Choo tunakwenda tunapokiona, si tunapokihitaji. Na saa kumi na nusu tunakuwa tumeshaanza kurudi, hata kama wanalia.

Wa darasa la saba ndiye aliyekuwa mgumu, mpaka nikamwachia apange njia yeye: aulize nauli, ajue basi la kwanza, ahesabu hela ya watu wote. Mwezi huu ametuchagulia Pugu, anataka kuona mapango yenye popo. Ameshaandika bajeti nyuma ya daftari la hisabati, na ameweka sharti kwamba mdogo wake atabeba maji yake mwenyewe.