Kumalizia sindano za amikasini mtaani

Dada, umeuliza kama mama anaweza kumalizia sindano zake za amikasini, dawa ya kuua bakteria, kwa duka la dawa hapo Likoni, asivuke feri kila siku. Naomba usimpeleke. Dawa hii ikizidi mwilini huumiza figo na masikio, na usikivu ukipotea huenda usirudi. Kipimo hufuata uzito na hali ya figo, kwa hivyo damu ipimwe kreatinini (taka inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) matibabu yakiendelea. Ile dawa ya maumivu, diklofenaki, anayomeza kwa ajili ya magoti, mwambieni daktari leo hii, maana nayo huelemea figo. Masikio yakivuma, akishikwa na kizunguzungu au mkojo ukipungua, mpigieni daktari simu kabla ya sindano inayofuata. Muombeni barua ya kuhamishia sindano hospitali ya karibu yenye maabara.