Gego moja, safari kadhaa kwa daktari, antibayotiki mara moja

Ukhti wa Wete, umeuliza kama daktari wa meno kakudhulumu: kakugongagonga jino, kasema litibiwe mzizi au ling'olewe, halafu kakuandikia dawa ya maumivu tu. Antibayotiki hakuna, na wewe usiku kucha hukulala. Hasira yako naijua. Na mimi nilitoka nayo chumba cha meno Chake Chake, nikenda duka la dawa nikanunua rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, kwa pesa yangu.

Nilikunywa siku tano. Gego likanipwita vile vile, maji baridi yakiligusa naruka. Siku ya sita likanyamaza. Nikajisifu wee, nikamwambia mke wangu kumbe dawa ndiyo hii, daktari alikuwa bakhili tu. Kumbe jino lilikuwa limekufa ndani. Miezi mitatu baadae nikaamka shavu limejaa, kinywa hakifunguki, nina homa.

Nikarudi kwa daktari yule yule, mwanamama wa makamo. Hakunigombeza. Nilitaka kumueleza ninavyoumwa, wala hakunipa nafasi. Kanipima homa, kanibonyeza chini ya taya kutafuta tezi, kanitaka nifungue kinywa akaona vidole viwili havipiti. Kaniuliza kama mate nayameza bila tabu, kama nina sukari, kama nishawahi kuwashwa au kuvimba kwa penisilini. Akasema leo ataniandikia antibayotiki. Ndipo nilipomuuliza: mara ya kwanza nililia kwa maumivu ukaninyima, leo maumivu nafuu ndio unataka kunipa?

Akanieleza hivi. Katikati ya jino mna nyama laini, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ikivimba imo ndani ya ukuta mgumu, haina pa kutanukia, ndio maana inauma vile. Na damu inayoingia mle inapungua hadi inakatika. Dawa unayomeza inasafiri na damu. "Sasa njia imeziba, mwanangu, itafika vipi?" Itakwenda tumboni ikuharishe, jino lisipate kitu. Anachotafuta yeye ni dalili kwamba uchafu umeshatoka kwenye jino na unasambaa: homa, tezi, uvimbe unaotembea, taya kukaza.

Siku ile zilikuwepo, basi akaniandikia antibayotiki mbili, amoksilini na metronidazoli. Lakini kwanza kanitia ganzi kapasua jipu, ukatoka usaha ambao sitousimulia hapa, watu wanakula. Akanitaka nirudi siku ya tatu anitazame.

Gego lenyewe lilitoka wiki mbili baadae. Nikadhani yamekwisha. Siku ya tatu tangu kung'oa, maumivu yakapanda mpaka sikioni, makali kuliko yote ya mwanzo. Nikasema leo dawa atatoa tu. Wapi! Lile bonge la damu linaloziba shimo lilikuwa limetoka, mfupa uko wazi. Alilisafisha shimo kwa maji ya chumvi, akachomeka kipande cha shashi chenye dawa, na harufu ilipopanda nikacheka na kinywa wazi: karafuu! Mimi mtoto wa Pemba, nimekulia juu ya majamvi ya karafuu, sikutaraji kukutana nayo kwenye kiti kile. Akasema mafuta ya karafuu yana yujenoli, kitu kinachotuliza maumivu, na madaktari wa meno wanaitumia siku nyingi. Magharibi ya siku ile nilikula wali.

Wako wanaopewa antibayotiki bila ya uvimbe wowote. Ami yangu ana vali ya moyo ya bandia. Kabla ya kung'oa alimezeshwa vidonge vinne vya amoksilini vya miligramu 500 kwa mkupuo, kiasi cha saa moja kabla. Vijidudu vya kwenye fizi vikiingia kwenye damu vinaweza kujenga pale penye vali. Hii ni ya watu maalumu kama yeye. Presha peke yake haikuingizi humo, maana najua kuna mtu atauliza.

Wasiosikia la mtu wa jukwaani, chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema karibu hayo hayo aliyonieleza daktari wangu kuhusu jino linalouma, kwa watu wazima wenye kinga nzuri. Ila mwongozo huo unaangalia pia kama matibabu ya jino yanapatikana pale pale. Mtu wa Micheweni mwenye jipu, aliyeambiwa mtaalamu hayupo mpaka wiki ijayo, huyo mimi simlaumu daktari akimwandikia dawa za kumvusha.

Sasa lako. Umesema homa huna, shavu halijavimba, na una nusu ya dawa ya maji aliyobakisha mtoto. Imwage hiyo. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu, ulimi unanyanyuka, au kumeza mate kunakuwa kazi, ni hospitali usiku huo huo, usingoje kupambazuke. Kama hayo hayapo, rudi kwenye kiti wiki hii, jino likiwa bado linauma. Likinyamaza lenyewe ndio urudi mbio.