Uliza Fundi wa Gemu: Nguvu za akili siyo uchawi uliobadilishwa jina

SWALI: Kaka fundi shikamoo, ndaga fijo kwa safu hii. Mi niko Uyole hapa Mbeya, likizo hii baridi imetufungia ndani basi nashinda na gemu la Baldur's Gate II kwenye laptopu ya bro. Nataka kutengeneza modi (nyongeza ya gemu) ya saioniki, yaani mhusika anayetumia nguvu za akili, maana wale mind flayer, majini wanaokula akili kwenye gemu, wanazo ila sisi wachezaji hatuna. Nilichofanya nimechukua uchawi wa mage (mchawi wa kwenye gemu) nikabadili majina na picha, washkaji wakaniambia huyu si ni mage yule yule kavaa koti jipya. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Washkaji wako wamekuambia ukweli, usiwanunie. Tatizo lako haliko kwenye majina, liko kwenye gharama. Mage anafanya kama mtu aliyekata tiketi asubuhi, tatu za levo ya kwanza, mbili za levo ya pili, zikiisha analala mpaka kesho. Saioniki kwenye sheria za AD&D toleo la pili (mchezo wa mezani wa dadu ambao gemu lako limetokana nao; kitabu cha saioniki kilitoka 1991) inafanya kama LUKU. Una yuniti zako, kila nguvu inakula kivyake, taa inakula kidogo jiko linakula sana, halafu nguvu zingine ukiziwasha na kuziacha zinaendelea kula kila raundi kama pasi uliyoisahau. Na hata yuniti zikiwepo bado unarusha dadu ya pande 20 kuona kama akili imetii au imegoma.

Sasa injini ya hilo gemu, Infinity Engine, iliyoanza na Baldur's Gate ya kwanza 1998, inajua tiketi tu, LUKU haijui. Ila kuna kitu kinachekesha: fungua faili lolote la SPL (faili la uchawi mmoja) kwa Near Infinity, programu ya kuhariri mafaili ya gemu, angalia sehemu ya aina ya uchawi, utakuta 1 ni mage, 2 ni padri, 4 ni kipaji cha kuzaliwa, na 3 pale katikati imeandikwa psionic kabisa! Namba wameiweka nyumba hawakujenga. Mchezaji hana kitabu wala kitufe chake, kwa hiyo usipoteze wiki nzima ukipigana na hiyo 3 kama nilivyopigana mimi, weka 4. Na 4 inakupa faida ya bure kabisa, mtu akipigwa Silence (uchawi wa kunyamazisha) mage na padri wanakwama lakini vipaji vinaendelea kufanya kazi, na ndivyo inavyotakiwa, mtu anayetumia akili mdomo wa nini?

Gharama je? Mimi ningetumia uchovu. Kuna efekti namba 93 inayogusa fatigue, ongeza kwenye kila nguvu ukiielekeza kwa mtumiaji mwenyewe siyo kwa adui, ndogo uchovu kidogo kubwa uchovu mwingi. Kwenye hilo gemu mtu akichoka bahati inashuka, dadu zake zinaharibika, analalamika, na dawa ni kulala. Umeona? Hujahitaji hata kuhesabu yuniti, mwili unahesabu wenyewe, kama wale wabeba viazi wa Mwanjelwa, hakuna anayewaambia leo umebeba magunia mangapi ila jioni mgongo unajua. Vipaji utawapa mara nyingi kwa siku, kinachowazuia ni kuchoka. Jaribu kwanza na nguvu moja tu, cheza nayo saa nzima, ndo uongeze zingine.

Jambo lingine ambalo wengi wanalisahau. Kila efekti ina sehemu inaitwa Dispel/Resistance. Ukiiacha kwenye 1, adui mwenye magic resistance (kinga ya uchawi) anaikataa na Dispel Magic (uchawi wa kufuta uchawi) inaifuta, sasa hapo tofauti na uchawi iko wapi? Weka 2, haifutiki na inapita. Lakini ukifanya hivyo lazima ubakize Saving Throw (dadu ya adui kujiokoa), la sivyo utakuwa umetengeneza mtu wa kumaliza gemu peke yake na utaboreka siku ya pili. Halafu toa ile animesheni ya kuroga, weka none.

Kitu cha mwisho, usibadilishe mage, tengeneza kit mpya (aina ndogo ya mhusika). Ningeanza na fighter (mpiganaji), anachukua nguvu chache kupitia jedwali la CLAB (linalopanga mhusika anapata nini kila levo), unaandika GA_ ikifuatiwa na jina la faili chini ya levo unayotaka. WeiDU, programu ya kuingiza modi kwenye gemu, ina amri ya ADD_KIT inakufanyia usajili wote. Maandishi yaweke kwenye faili la .tra, hapo unaweza kuandika Kiswahili kabisa, na binafsi natamani nione mhusika wa Faerûn (dunia ya gemu hili) akisema "akili imegoma".

SWALI: Kamwene fundi. Mimi ni dada wa Kihesa, Iringa, sitengenezi modi, mi nacheza tu. Hao mind flayer wenyewe wananimaliza, Minsc wangu (mmoja wa wapiganaji wa kundi langu) ana damu tele na anakufa ghafla. Gemu ni bovu?

JIBU: Kamwene dada. Gemu zima kabisa, ni kichwa cha Minsc. Kila pigo la mind flayer linakula pointi 5 za Intelligence (akili), ikiisha umekufa hata kama damu imejaa. Minsc ana 8, kwa hiyo mapigo mawili tu kwaheri. Mrudishe nyuma mpe upinde, na kabla ya kuingia mpigie Chaotic Commands (uchawi wa kulinda akili) asigandishwe.

SWALI: Fundi, niko Makambako, nimeingiza modi katikati ya gemu nililolicheza miezi miwili, sasa sevu zangu hazifunguki. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Endesha tena faili la kusetapu la hiyo modi, chagua kuiondoa, WeiDU inarudisha mafaili ya zamani iliyoyatunza, halafu jaribu sevu ya kabla ya siku uliyoingiza. Na kama uliyatupia mafaili kwa mkono kwenye folda la override (pale gemu linaposoma mafaili ya nyongeza) bila WeiDU, hapo WeiDU haina cha kurudisha, itabidi uyatoe mwenyewe kwa mkono.