Mchambuzi wa Soka Huanza Kabla ya Bao

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa vipande vya picha vya wachambuzi wa soka wa televisheni, na ushauri wangu kwa anayetaka kuingia katika kazi hiyo ni kwamba ajizoeze kuwatazama wachezaji wasio na mpira.

Mchambuzi mahiri anapokuja kwangu wakati wa mapumziko, huomba sekunde chache zilizotangulia bao. Hunitaka nisimamishe picha pale kiungo mkabaji alipovutwa nje ya eneo lake, au pale beki wa pembeni alipochelewa kurudi, kwa kuwa hapo ndipo bao lilipoanza kutengenezwa. Mtazamaji aliyekwisha kuona marudio mara nne hahitaji kuambiwa kwamba shuti lilikuwa kali.

Tuchukue mechi ya Argentina na Saudi Arabia katika Kombe la Dunia la 2022. Hadi mapumziko Argentina ilikuwa inaongoza 1-0 kwa penalti ya Lionel Messi, na mabao yake mengine matatu yalikuwa yamekataliwa kwa kuotea. Ni rahisi kusema hapo kwamba Argentina imekosa bahati. Anayeijua kazi yake angeonyesha jinsi mabeki wa Saudi Arabia walivyopanda kwa pamoja kuelekea katikati ya uwanja, akaeleza kwamba huo ulikuwa mtego wa makusudi wa kuwaacha washambuliaji wakiwa wameotea, na wenye hatari kubwa, kisha akataja dawa yake, yaani kiungo anayeanza mbio kutoka nyuma wakati mshambuliaji akijifanya anaufuata mpira. Saudi Arabia ilishinda 2-1, kwa mabao mawili yaliyofungwa ndani ya dakika 10 za mwanzo wa kipindi cha pili.

Kuwahi kucheza ngazi ya juu ni mtaji, hasa katika kueleza beki anaona nini anapokimbia akilitazama lango lake mwenyewe. Lakini neno "enzi zetu" halielezi chochote. Takwimu nazo zisomwe pamoja na picha: umiliki wa mpira wa asilimia 70 una maana pale tu unapoonyesha ulimilikiwa eneo gani la uwanja.

Utabiri wako wa mapumziko ukienda kinyume, usiukwepe baada ya mechi. Omba picha ileile irudishwe, uoneshe kocha alibadilisha nini, na mtazamaji atakuamini zaidi wiki ijayo.