Ukienda kwenye kongamano la chuo cha teknolojia, omba bango

Tangazo likitoka kwamba Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, wanaandaa kongamano la wataalamu, huwa linazunguka mpaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Kigoma. Wengi tunalisoma na kulipita, eti hayo ni mambo ya maprofesa. Mimi nafundisha ufundi wa vyuma, sina "Dk." mbele ya jina, na makongamano ya aina hii nayahudhuria. Ushauri wangu mkubwa ni huu: kwenye fomu ya kutuma ikisiri (muhtasari wa mada yako), pale wanapouliza utawasilisha kwa mdomo au kwa bango, yaani kusimama kando ya chapisho kubwa linaloeleza kazi yako, chagua bango.

Wapo wanaosema bango ni la wanafunzi. Sawa, lakini piga hesabu. Ukumbini unapewa kama dakika 15, na maswali yamo humo humo. Hotuba za ufunguzi zikirefuka (na zitarefuka, mgeni rasmi ni mgeni rasmi), mwenyekiti wa kikao anaanza kuwapunguzia muda waliopangwa mwisho. Kwenye bango unasimama saa nzima watu wakiwa na kikombe cha chai mkononi, na aliyekufuata amekufuata kwa sababu ana haja na jambo lako. Halafu kuna lugha. Mada huandikwa Kiingereza, lakini mbele ya bango watu wanaongea Kiswahili, na fundi anaeleza kazi yake bila kujibana.

Mimi nilipeleka kikaushio cha dagaa kinachotumia jua, tulichochomelea na vijana wangu: fremu ya chuma, paa la nailoni, trei za wavu. Pale Kibirizi, mwalo wetu wa dagaa hapa Kigoma, kiangazi vichanja vinatosha. Mvua zikianza, mzigo unaharibika mwenyewe akiuangalia. Chini ya bango niliweka sahani mbili, moja ya dagaa walioanikwa mchangani, nyingine wa kwenye kikaushio. Fundi sanifu mmoja wa maabara akaokota dagaa, akamvunja katikati, akanusa, akasikiliza hata mlio wake. Bei ya kifaa hakuiuliza. Aliuliza, "Mwalimu, unyevu wa mwisho ni asilimia ngapi?"

Swali hilo ndilo kongamano lenyewe, kwa hiyo nenda na jibu. Pima uzito wa sampuli, iweke kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, kisha pima upya. Kilichopungua ndiyo maji. Samaki mbichi ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake. Ukimshusha chini ya asilimia 15 hivi, ukungu unapata shida kuota. Nilikuwa na namba zangu, na baada ya chakula cha mchana yule bwana akanipeleka maabara kwao kunionyesha vifaa. Maprofesa wanapeana kadi. Mafundi sanifu ndio wenye funguo.

Kwa hiyo hata ikisiri ianze na namba uliyoipima hapa kwetu. Sentensi kama "samaki ni chanzo muhimu cha protini duniani" wanaopitia ikisiri wameshaichoka. Na vipimo uwe navyo kabla ya tangazo kutoka, maana tarehe ya mwisho haingoji ziwa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mialo inapoa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ambaye hakuwa na vipimo kabla ya hapo alipima nini?

Ada hulipwa kwa kontroo namba, nayo ina muda wake, usiilalie. Barua ya mwaliko iombe mapema, kwa kuwa mwajiri hatoi masurufu (fedha za safari) bila karatasi, na risiti tunza zote mpaka utakapoyarejesha kwa hesabu. "Kongamano" likikubali ikisiri yako usiku ule ule na kudai dola, pigia simu chuo kinachotajwa kuwa mwenyeji kabla hujatuma hata senti.

Bango lichapishe kwenye kitambaa. Karatasi ya A0 ina sentimita 84 kwa 119, na safari ya basi kupitia Mpanda, Sumbawanga na Tunduma itaikunja utakavyo na usivyotaka. Herufi zisomeke na mtu aliyesimama hatua mbili nyuma. Beba sweta pia: sisi tumezoea ufukwe wa ziwa, Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na wahudumu wa kumbi hawana habari na baridi yako.

Ukisharudi, andika barua pepe ndani ya wiki hiyo hiyo kabla hujasahaulika. Taja mlikutana wapi, mliongea nini, na uombe kitu kimoja tu. Mimi niliomba kutumia tanuri lao. Walikubali, wakaongeza na ombi lao: mwanafunzi wao wa shahada ya pili aje Kibirizi masika kupima kikaushio mvua ikinyesha. Nimemtafutia chumba Mwanga, hapa Kigoma mjini, karibu na stendi ya daladala.